Kupima presha nyumbani, usijidanganye

Jamani presha haipigi hodi, mama yangu mdogo hapa Mbagala alikuwa yuko fiti kabisa, kupimwa tu 178 kwa 104. Kwahiyo kama mna mashine home pimeni, ila pimeni vizuri. Sio umetoka Kariakoo umesimama kwenye daladala, jasho linakutoka, unafika unavaa mkanda hapo hapo, lazima isome juu.

Kojoa kwanza, kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu chini usikunje nne, na kahawa au sigara iwe imepita nusu saa. Mkanda ufunge kwenye mkono mtupu sio juu ya shati, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na usiongee, simu ikiita iache iite. Pima mara 2, katikati pumzika dakika 1, andika kwenye daftari asubuhi na jioni wiki nzima. Ikiwa inarudi rudi 135 kwa 85 kwenda juu mpelekee daktari hilo daftari.

Ikigonga 180 kwa 120 na kifua kinabana au mdomo umeenda upande, hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri kukuche. Na dawa msiache eti imeshuka, tafadhali, imeshuka kwa sababu unazimeza.