Soma maji kwanza: kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji upande wa Bagamoyo

Nawaandikia maofisa wapya wa halmashauri, wajumbe wa kamati za ardhi za vijiji, na vijana wa ramani wanaotumwa kijijini na kompyuta mpakato. Taratibu za kisheria zimo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, kwa hiyo sizirudii. Nazungumzia kazi inayorukwa mara nyingi: kuijua ardhi yenyewe kabla ya kumwaga rangi kwenye ramani. Huku kwetu, ukishajua maji yanapita wapi, yanatuama wapi na yanaanzia wapi kuwa ya chumvi, mengine yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Andaa ramani ya msingi

Tafuta karatasi ya ramani ya 1:50,000 ya eneo lako na uiingize kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960 (kanda ya 37 Kusini, namba 21037 kwenye orodha ya mifumo ya QGIS), ilhali GPS ya mkononi inasoma WGS 84 (namba 32737). Ukizichanganya, mpaka wa kijiji unasogea takribani mita 300, na kwenye mpaka wenye mgogoro hizo ni mita za kupigiwa mapanga.

Kisha pakua picha mbili za satelaiti ya Sentinel-2, nazo ni bure: moja ya Juni, masika yakiwa yametoka, nyingine ya Februari, kiangazi kikiwa kikali. Panapobaki kijani Februari, kuna maji chini. Weka alama.

Tahadhari moja: data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani, zinadanganya kwenye mikoko. Rada ile ya mwaka 2000 ilisoma vilele vya miti, si tope, kwa hiyo mlango wa mto Ruvu utakuonyesha vilima ambavyo havipo.

Hatua ya 2: Tembea kutoka juu kwenda chini

Usitembee na mwenyekiti peke yake. Chukua mama anayelima bondeni, mfugaji, mvuvi, na mzee anayekumbuka mafuriko yalifika wapi. Anzeni kwenye mwinuko mteremke hadi majini. Si kila kijiji kina yote, lakini mpangilio unajirudia.

Juu kuna kichanga na udongo mwekundu usiotuamisha maji. Ndiyo maana Kiwangwa inasifika kwa mananasi. Nanasi halipendi kuloweka mizizi. Mihogo na mikorosho nayo inakubali hapa, na nyumba zinasimama salama.

Bondeni kuna mfinyanzi mweusi wa mbuga. Lowesha kidogo, usokote kwa vidole: ukitoa uzi mrefu bila kukatika, mpunga utafurahi na msingi wa nyumba utapasuka. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Shule usiijenge hapo hata kama kiwanja kimetolewa bure.

Mlangoni mwa mto, mikoko itakueleza chumvi na maji vilivyo. Mlilana husimama mbele kabisa, upande wa bahari. Mchu huvumilia chumvi kali hata pale nyuma panapofikiwa na bamvua tu, yaani maji makubwa ya bahari. Nyuma yake utakuta tambarare tupu ambako chumvi inavunwa. Kisima cha jirani na hapo kionje mwishoni mwa kiangazi, usikionje Mei.

Hatua ya 3: Uliza mwezi, usiulize mahali tu

Bonde la Ruvu ni shamba la mpunga wakati wa mvua, na baada ya mavuno ni malisho, kwa sababu huko juu nyasi zimekauka. Ukilipaka rangi moja umeshamwonea mtu mmoja. Ugomvi mwingi wa wakulima na wafugaji huku hautokani na uhaba wa ardhi peke yake. Unatokana na watu wawili kuhitaji maji yale yale mwezi ule ule. Andika miezi kwenye ufunguo wa ramani. Kisha chora mapito ya mifugo hadi kwenye maji. Ng'ombe atakunywa tu; usipompa njia atapita kwenye mpunga.

Hatua ya 4: Weka kwanza yasiyojadiliwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 za ukingo wa mto na ufuko. Mikoko ni hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo kijiji hakiwezi kuigawa. Kumbukeni pia kwamba Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru, unanywesha Dar es Salaam kupitia mtambo wa Ruvu Chini, na ukingo ukilimwa tope linaishia huko.

Maoni yangu: mita 60 hazitoshi kwenye kiwiko cha mto. Upande wa nje wa kona maji yanakula ukingo kila mwaka, kwa hiyo ongezeni. Upande wa ndani mto unarudisha mchanga.

Hatua ya 5: Chora na watu, kisha pitisha

Chora kwa kijiti ardhini kabla ya karatasi. Wasiosoma ramani watakusahihisha papo hapo. Kisha gawanya kama sheria ilivyo: ardhi ya pamoja, ya kaya na watu binafsi, na ya akiba. Akiba isiwe makombo. Nimeona mipango mingi ambayo ardhi ya akiba yote iko mbugani, na vijana wakitaka kujenga wanaambiwa waende huko. Ipeni kipande cha mwinuko.

Rasimu iende halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu. Kwenye sheria ndogo tajeni mipaka kwa vitu vinavyoonekana, "kutoka mbuyu wa njia panda hadi kivuko", mkiambatanisha namba za GPS. Na mafuriko makubwa yakipita, kamati irudi mtoni kupima ukingo upya.