Jinsi ya kuchagua mkoba wa mbunifu unaokufaa: mwongozo kutoka kwa fundi wa mikoba

Mikoba ya majina makubwa hunifikia ikiwa imeshachoka. Mshikio umekatika, kona zimechubuka, bitana imechanika, zipu imegoma. Nikiwasikiliza wenyewe wakieleza walivyoichagua, mara nyingi naona kwamba mkoba haukuwa na kasoro yoyote. Ulipewa tu kazi isiyo yake. Pochi ya kwendea sherehe imebebeshwa kompyuta, ngozi isiyopatana na maji imetembezwa kwenye mvua. Ndiyo maana katika mwongozo huu jina la kampuni linakuja karibu na mwisho. Ukizifuata hatua kwa mpangilio huu, ukifika kwenye jina utakuwa umebakiwa na mikoba michache ya kuchagua, na yoyote kati ya hiyo itakufaa.

Hatua ya 1: Mwaga vitu vyako mezani

Chukua mkoba unaoutumia sasa, umwage wote. Tenga mafungu mawili: vitu unavyovitumia kila siku, na vile unavyozunguka navyo bila sababu. Fungu la pili lirudi kabatini. La kwanza lipange kama litakavyokaa ndani ya mkoba, vizito chini, kisha pima kwa rula kitu kirefu kuliko vyote na unene wa fungu zima. Andika vipimo hivyo kwenye simu, kwa sababu mkoba mtupu ulio kwenye rafu huonekana na nafasi nyingi kuliko uliyo nayo kweli.

Baadhi ya mikoba mashuhuri hubeba kipimo katika jina. Speedy 25 ya Louis Vuitton ina upana wa takriban sentimita 25, na Birkin ya Hermès hutengenezwa kwa saizi kama 25, 30, 35 na 40. Hicho lakini ni kipimo cha nje. Ndani hupungua kwa unene wa ngozi, bitana na mifuko midogo, na mdomo wa mkoba huweza kuwa mwembamba kuliko kitako chake. Kama unaweza, nenda dukani na vitu vyako vyenyewe, uvitie, halafu ufunge. Kifuniko kikivutika, sumaku ikiachia au pande zikituna, panda saizi moja. Mshono unaovutwa kila siku hauna muda mrefu.

Unyanyue pia ukiwa mtupu. Ngozi nene, cheni na kufuli za chuma vina uzito wake. Zunguka nao dukani dakika kumi. Bega likianza kulalamika kabla hujaweka chochote, huo hautautumia.

Hatua ya 2: Amua utaubebaje

Mwaka 1955 Gabrielle Chanel alitoa mkoba unaoitwa 2.55, kwa sababu ulitoka mwezi wa pili mwaka wa 55. Aliutilia cheni ndefu ili mwanamke auning'inize begani na mikono ibaki huru. Birkin nayo ilitoka mwaka 1984, baada ya Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji, kumweleza Jean-Louis Dumas, aliyekuwa mkuu wa Hermès, wakiwa ndani ya ndege, kwamba hapati mkoba unaomtosha akiwa mama mwenye mtoto mdogo. Mikoba hii tunayoiona leo kama alama ya fahari ilianza kama jibu la shida ya mtu fulani. Nawe anza na shida yako.

Pima kimo cha mkanda: kutoka ukingo wa juu wa mkoba hadi kilele cha mkanda ukiwa umenyooshwa. Mshikio wa sentimita 10 hadi 12 ni wa mkononi au wa kiwiko. Wa begani unahitaji kama sentimita 22 au zaidi, na ukivaa koti ongeza nyingine tatu nne. Wa kukatiza kifuani huanzia karibu sentimita 50, ila urefu wako ndio unaoamua: mkoba ukae juu ya nyonga, usigonge paja unapotembea. Mkanda wenye matundu ya kurekebisha hukupa nafasi ya kujaribu. Cheni isiyorekebishika haikupi.

Halafu jaribu kufungua kwa mkono mmoja. Kelly ya Hermès ina kifuniko, mikanda miwili na kufuli ya kuzungusha. Ni nzuri sana, lakini mtu anayetoa simu na funguo kila baada ya dakika chache ataishia kutembea nayo ikiwa wazi, na kifuniko kitapinda. Neverfull ya Louis Vuitton, iliyotoka 2007, ni kinyume chake: mdomo uko wazi na hufungwa kwa kindoano kimoja tu. Kwa mtu wa ofisini mwenye makabrasha hiyo ni raha. Kwa anayejibanza kwenye basi lililojaa, zipu ni lazima.

Hatua ya 3: Chagua ngozi kulingana na maisha yako

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ngozi ya mwanakondoo ni laini mno, rangi yake inang'aa kwa upole, na inapendeza kuishika. Ukucha unaacha alama juu yake. Pete inaacha alama. Kama una watoto wadogo, au huwa unaweka mkoba popote ulipo, achana nayo, au iwe ya jioni tu. Ngozi ya ndama iliyopigwa chapa ya chembechembe, ambayo Chanel huiita caviar, huficha mikwaruzo vizuri na kushika umbo. Saffiano, inayohusishwa na Prada, ni ya ndama pia, iliyokandamizwa mistari midogo ya mshazari na kupakwa tabaka la juu. Maji hayaingii upesi na kitambaa chenye unyevu kinatosha kuisafisha. Mtu akiniuliza ngozi ya kazini ya kila siku bila maelezo mengine, nitamtajia moja ya hizi mbili.

Ngozi ya rangi ya maziwa kwenye mishikio ya mikoba mingi ya Louis Vuitton, inayoitwa vachetta, haijapakwa kinga. Jua na mafuta ya mikono huigeuza polepole kuwa rangi ya asali, na huo ndio uzuri wake. Tone la maji likianguka mapema hubaki doa. Chagua hii ikiwa unapenda mkoba uzeeke nawe. Kama doa moja litakukosesha usingizi, tafuta toleo lenye mishikio ya ngozi iliyotiwa rangi.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba sehemu kubwa ya mkoba wa Louis Vuitton wenye mchoro wa Monogram si ngozi. Ni turubai la pamba lililopakwa plastiki, na mchoro wake ulibuniwa na Georges Vuitton mwaka 1896. Hilo si tusi. Turubai hilo ni jepesi na hustahimili mvua kuliko ngozi nyingi. Nailoni pia isidharauliwe: Miuccia Prada aliifanya kitu cha kifahari miaka ya 1980, na Le Pliage ya Longchamp, ya 1993, hukunjwa ikawa ndogo kabisa. Kwa msafiri, nailoni yenye mishikio ya ngozi hushinda ngozi tupu.

Suedi, ngozi yenye uso wa vinyweleo laini, inanyonya maji na mafuta. Nzuri kwa msimu mkavu na mikono safi. Ngozi ya kung'aa kama kioo haipendi kugusana na nyingine ya rangi tofauti, maana hunyonya rangi na haiitoi tena. Mamba na chatu zinasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini: ukivuka mpaka na mkoba wa ngozi hizo huenda ukatakiwa kuonyesha kibali, kwa hiyo ukinunua dai karatasi zake.

Ngozi bandia ya poliyurethani ndiyo inayonitia huzuni zaidi. Unyevu wa hewa hulivunja taratibu tabaka lake la juu, hata mkoba ukiwa kabatini haujaguswa, na likianza kubanduka hakuna fundi wa kulirudisha. Jina kubwa juu ya poliyurethani halibadilishi hilo. Soma lebo ya ndani. Kisha bonyeza kwa kidole gumba sehemu isiyo na kadibodi nyuma yake: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo inayotawanyika kuzunguka kidole, halafu hurudi taratibu, ya bandia hubonyea tu bila mikunjo. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa saffiano na nyingine zilizopakwa tabaka nene, huko uliza na usome lebo. Harufu usiitegemee, siku hizi hata harufu ya ngozi hupuliziwa.

Hatua ya 4: Kagua panapovunjika

Mkoba hauharibiki katikati. Huharibika kwenye mizizi ya mishikio, kwenye kona nne za chini, kwenye kingo na kwenye zipu. Kagua huko kabla ya kutazama nembo.

Mzizi wa mshikio: vuta kwa nguvu ya kawaida huku ukitazama mishono. Matundu ya sindano yakipanuka, hautabeba mzigo. Mshikio uliopita kwenye pete ya chuma na kushonwa juu ya kipande cha pili cha ngozi ni imara kuliko uliobandikwa kwa ribiti moja. Mshono wa mkono wa sindano mbili, wanaoutumia Hermès kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, una faida ya kweli: uzi ukikatika mahali pamoja, ule wa upande wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani si mbaya, mradi hatua zake zinalingana na hazina nyuzi zinazoning'inia.

Kingo: pitisha ncha ya kidole pembeni mwa mkanda. Rangi ya kingo inapaswa kuwa laini, isiyonata wala kuwa na nyufa. Ikinata dukani, itayeyuka kwenye joto la gari.

Kona: zilizo kali na zenye ngozi nyembamba huchubuka kwanza. Kona za mviringo hudumu. Vimiguu vya chuma chini ya kitako ni jambo dogo linalookoa mkoba, ukiwa na mazoea ya kuuweka sakafuni.

Zipu ifungue na kuifunga mara kadhaa, polepole kwenye pembe. Jina la mtengenezaji wa zipu kama YKK, Lampo au Riri likiwa limechapwa juu yake ni dalili nzuri, ingawa kampuni nyingine za mikoba huagiza zipu zenye jina lao. Mwisho tazama bitana. Nyeusi huficha vitu. Ya rangi nyepesi huonyesha wino wa kalamu iliyovuja. Mimi napendelea ya rangi ya kati.

Hatua ya 5: Umbo na rangi

Simama mbele ya kioo kirefu, usitazame mkoba peke yake. Mkoba wenye umbo gumu hunyoosha mavazi yaliyolegea. Mkoba laini hulegeza suti. Anayebeba mkoba kwapani aangalie usikae pale mwili ulipo mpana zaidi, kama hataki jicho liende huko.

Rangi ichague kwa kufungua kabati lako la nguo. Ukiona nyeusi na kijivu, mkoba wa zambarau ya giza au kijani cha chupa utakwenda na karibu kila kitu, na utapendeza kuliko mweusi mwingine. Ukivaa jinzi za buluu iliyokolea, usinunue ngozi nyeupe isiyo na kinga: rangi ya jinzi huhamia kwenye ngozi na haitoki yote. Vyuma navyo vifanane na vito unavyovaa kila siku, dhahabu au fedha.

Hatua ya 6: Sasa jina, na mahali pa kununua

Orodha yako sasa ni fupi. Ukitaka nembo isionekane, Bottega Veneta hutambulika kwa ngozi iliyosukwa badala ya herufi. Ukitaka umbo lisilopitwa haraka, angalia lililokaa sokoni muda mrefu: Speedy tangu 1930, Lady Dior tangu katikati ya miaka ya 1990. Toleo la msimu lenye mapambo mengi linunue kwa kulipenda tu, usitarajie kuliuza vizuri baadaye.

Mkoba uliotumika ni chaguo zuri, mara nyingine bora, kwani udhaifu wake umeshajionyesha. Omba picha za kona, mizizi ya mishikio, bitana na ndani ya mifuko, kwenye mwanga wa mchana. Kuhusu feki: msimbo wa Louis Vuitton wa zamani hueleza kiwanda na wakati wa kutengenezwa, si namba ya kipekee ya mkoba huo, na unaigwa kila siku. Kadi na mfuko wa kitambaa navyo vinaigwa. Tangu 2021 Louis Vuitton na Chanel wamehamia kwenye chipu ndogo za ndani, kwa hiyo mkoba unaouzwa kama mpya kabisa wenye stika ya zamani ya namba ya Chanel unastahili maswali. Linganisha mishono, uzito wa vyuma na chapa ya herufi, na mlipe mtaalamu authibitishe kabla pesa haijatoka.

Hatua ya 7: Siku za mwanzo nyumbani

Usibandue bado plastiki za vyuma wala kukata lebo. Weka vitu vyako vyote ndani, tembea nao chumbani, panda na kushuka ngazi, kaa nao kitini, ufungue na kuufunga. Tunza risiti, na soma siku za kurudisha ni ngapi. Usiupake mafuta wala dawa ya kinga kabla ya kuamua kubaki nao, na hata ukiamua, jaribu kwanza chini ya kifuniko. Mshono ukifumuka au rangi ya kingo ikipasuka ndani ya muda huo, piga picha kwa karibu na uurudishe bila kuugusa kwa gundi wala sindano. Fundi wa nje akishaushika, duka nyingi hazitaupokea tena.