Kupunguza Kelele za Chumba cha Seva
Kabla ya kuzungushia seva sponji za kuzuia sauti, ambazo mara nyingi huziba njia ya hewa, ziba kwanza kwa vibao nafasi zote tupu za kabati, kwa kuwa hewa moto ya nyuma hupenya humo, ikarudi mbele na kuzilazimisha feni zizunguke kwa kasi zaidi. Hewa inayoingia ikibaki kati ya nyuzijoto 18 na 27 za Selsiasi, kama inavyopendekeza ASHRAE, jumuiya ya Marekani ya wahandisi wa mifumo ya joto na ubaridi, feni zinazojirekebisha hupunguza kasi zenyewe. Na kasi ikishuka kwa asilimia 20, kelele zake hupungua kwa takriban desibeli 5. Sponji, nayo iwe isiyoshika moto kwa urahisi, ibandikwe ukutani na mlangoni tu.