Ukimkuta Mtoto Mwaloni, Anza na Mama Yake

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Watoto wanaacha shule kufanya kazi machimboni na mwaloni, yaani panapooshwa udongo wa dhahabu. Kuwakimbiza kwa mgambo hakusaidii: ukiwakurupusha asubuhi, jioni wamerudi.

Fungua daftari la mahudhurio. Anayekosa siku za gulio tu, huyo anauza karanga. Anayekosa wiki nzima, mtafute karashani, kwenye mashine za kusaga mawe, au kwenye mwalo, akibeba mawe na kuosha udongo.

Kisha nenda kwao jioni, peke yako, bila karatasi mkononi. Usianze na sheria. Uliza nani anadaiwa, na duka gani. Mara nyingi baba amefuata rashi kwingine, yaani amekimbilia dhahabu mpya iliyogunduliwa, na mtoto ndiye analipa unga. Mama mmoja aliniambia, "Shikamoo mwalimu, karibu. Lakini ukimchukua huyu, leo tunakula nini?" Swali hilo lijibiwe kwa hesabu. Ada ilifutwa, sawa, lakini sare, madaftari na mchango wa uji vipo palepale. Piga hesabu naye, kitu kimoja kimoja, muone kipi shule inaweza kusubiri. Mwalimu mkuu anaweza kumpokea bila sare, mbembeleze. Kama kaya haina kitu, mpeleke mama kwa mtendaji wa kijiji aulizie TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa sababu ruzuku yake inaangalia pia mahudhurio ya mtoto. Aliyepitwa sana na umri, ulizia darasa la MEMKWA, la watoto walioikosa elimu ya msingi.

Zungumzia zebaki pia. Wazazi wengi wanaogopa shimo kuporomoka, lakini moshi wa zebaki inayochomwa pamoja na dhahabu hauwashtui, na ndio unaoharibu ubongo na neva za mtoto kimyakimya.

Mwenye mwalo mwendee na mwenyekiti wa kitongoji. Atasema, "Huyu ana miaka 14, anaruhusiwa." Mjibu kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia 14, ila machimbo ni kazi ya hatari, marufuku kwa aliye chini ya miaka 18. Akikaidi, ustawi wa jamii wapo, dawati la jinsia na watoto la polisi lipo, na namba 116 ni bure.

Akisharudi darasani, mkalishe mbele, na mwalimu atakayemwita "mchimbaji" mbele ya wenzake umkemee ofisini siku hiyohiyo. Nimeona jina hilo likimrudisha mtoto mwaloni kuliko njaa.