Somo: Negativu za zamani kwenye skana bapa, zitoke kali

Negativu za marehemu baba, yaani filamu za kamera yake, zilikaa miaka kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipoziskani mara ya kwanza, nyuso zilitoka kama zimepakwa mafuta. Nikailaumu kamera yake bure. Kosa lilikuwa chini ya milimita moja.

Skana bapa, zile za kulaza kitu juu ya kioo, nyingi hazirekebishi fokasi (umbali wa kuona kwa ukali). Lenzi imetegwa kuona vizuri kimo kimoja tu juu ya kioo. Kazi ni kukitafuta.

1. Futa kioo. Vumbi la filamu lipulize kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, mate yanaruka.

2. Mkanda uliojikunja ubane ndani ya kitabu kizito siku mbili tatu.

3. Hapa ndipo penyewe. Chagua picha yenye vitu vidogo. Mimi natumia ya mama ameketi juu ya mkeka wa ukindu. Skani, kisha weka vipande vya karatasi ya fotokopi chini ya pembe nne za kishikio cha filamu, ile fremu inayoishika juu ya kioo (karatasi moja ni kama milimita 0.1). Ongeza mbilimbili, skani tena, andika idadi. Zikuze zote asilimia 100, uzilinganishe. Kwangu, karatasi sita misuko ya mkeka ikahesabika, nane, ikapotea. Vishikio vya skana za Epson V700 na V850 hubadilishwa kimo bila karatasi, vya V600 hapana.

4. Weka dpi (nukta kwa inchi) 3200. Hiyo 6400 ya kwenye boksi inajaza diski tu. Kunoa picha (sharpening) kwenye programu ya skana kuzime, utanoa mwisho.

Maswali mliyoniuliza, na majibu yangu:

Mkuu, kila nikiongeza karatasi picha inazidi kuharibika.
Kishikio chako kiko juu tayari. Laza negativu kwenye kioo ujaribu. Ikitoka kali zaidi, piga msasa miguu ya kishikio kidogo kidogo.

Nimeilaza, zimetokea duara za rangi kama mafuta kwenye maji.
Upande unaong'aa umegusa kioo. Ugeuze uwe juu, kisha igeuze picha kwenye programu.

Kitufe cha kuondoa vumbi nikiwashe? Zangu ni nyeusi na nyeupe.
Usiwashe, dada. Kinatumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na madini ya fedha yaliyo kwenye filamu hizo huuzuia. Kwangu kilidhani ndevu za babu ni uchafu, kikazifuta nusu.