Simamisha somo katikati uone nani ameshika

Walimu wenzangu, kipindi ni dakika 35, usingoje kengele ndo ujue nani ameachwa. Na ile ya "mmeelewa?" "ndiooo" achana nayo kabisa, haikuambii kitu. Ukifika kama dakika ya 15 andika swali moja ubaoni, tuseme 1/2 + 1/4, kila mtoto ajibu kwa daftari bila kuchungulia jirani halafu wainue zote pamoja. Darasa la watoto 60 huku Eastlands, Nairobi, huwezi kusoma kila moja, pitisha macho tu, ukiona 2/6 nyingi basi wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, rudi hapo hapo. Kabla ya kumaliza wape lingine kama hilo, waandike chini ya lile la kwanza, na wasifute! Hapo mtoto anajionea mwenyewe ametoka wapi.