Tanga hadi Lushoto na Kurudi kwa Siku Moja: Namna ya Kuongoza Msafara wa Klabu ya Pikipiki

Kutoka Tanga mjini hadi Lushoto ni kilomita 165 hivi. Unapita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, kisha unaupanda mlima kwa kilomita 33. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 330, na pikipiki yoyote nzima inaziweza kwa siku moja, hata ya cc 125. Misafara mingi huharibika kwa sababu hupangwa kwa kipimo cha pikipiki kubwa, na ndogo zikaachwa zijitetee zenyewe. Mwendo, mafuta na mapumziko yote yapimwe kwa pikipiki dhaifu kuliko zote kundini. Ukishalikubali hilo, mengine yote ni kazi ya mikono.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika, udongo na mawe huweza kuporomokea barabara ya Mombo–Lushoto, na ukungu hukaa hadi mchana. Juni na Julai Lushoto kuna baridi kweli: mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na aliyetoka Tanga na fulana atatetemeka. Koti zito lifungwe nyuma ya siti hata kama asubuhi kuna joto.

Siku moja kabla

Kagua pikipiki jioni ya kuamkia safari, saa ambayo duka la vipuri bado liko wazi. Anza na cheni, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, bonyeza cheni ya chini katikati ya sproketi mbili (magurudumu ya meno yanayobeba cheni), upime inapanda na kushuka kiasi gani. Pikipiki nyingi za barabarani zinataka milimita 20 hadi 30. Za aina ya trail, yaani za njia mbovu, 30 hadi 40. Zungusha gurudumu robo mzunguko, upime tena, mpaka umalize mzunguko mzima. Cheni iliyochoka hukaza sehemu moja na kulegea sehemu nyingine, na ukiikaza ukiwa umeangalia sehemu iliyolegea tu, ile iliyokaza itavuta beringi ya sproketi ya mbele hadi iue sili na kuanza kuvuja oili. Cheni ya namna hiyo haifai kupanda Lushoto. Nunua mpya pamoja na sproketi zake. Ukimaliza kurekebisha, hakikisha alama za kushoto na kulia kwenye swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) zinalingana, la sivyo gurudumu litakaa upande na tairi kuliwa.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla ya kutembea, tairi zikiwa baridi. Pikipiki nyingi ndogo hutaka psi 25 mbele na 28 nyuma, na 32 au zaidi nyuma ukipakia mtu; kipimo halisi kimeandikwa kwenye stika ya swingamu au kava ya cheni. Breki ya diski: pedi zikibaki chini ya milimita 2, badilisha. Mafuta ya breki yakishakuwa na rangi ya chai ya rangi, yamevuta unyevu, na unyevu huo huchemka kwenye mteremko mrefu. Hili usilikubalie kabisa kwenye safari hii.

Mafuta jazeni jioni. Pikipiki 12 zikipanga foleni kwenye pampu moja alfajiri, nusu saa imekwisha kabla hamjatoka mjini. Pikipiki ndogo ya kwenda kilomita 40 kwa lita itatumia lita 4 hadi 5 kufika Lushoto, haina shida. Wa kuangaliwa ni mwenye trail ya injini kubwa na tangi la lita 8: akienda kilomita 20 kwa lita, anakaukiwa kabla hajafika Lushoto. Kwa hiyo wote wanaongeza Mombo kabla ya kupanda, hata mwenye tangi la lita 20, ili isiwepo mizunguko miwili ya kusimama.

Vifaa vya kundi abebe mtu wa mwisho, kwa sababu anayeharibikiwa huwa mbele yake daima. Abebe pampu ya mkono, viraka na solusheni, vyuma viwili vya kutolea tairi, tyubu za saizi zote zilizomo kundini, klipu ya cheni, plagi, waya wa klachi, fyuzi, na spana za 8 hadi 17. Spana ya nati ya ekseli ya nyuma ibebwe peke yake, mara nyingi 19, 22 au 24, maana seti nyingi za spana hazina, na bila hiyo pancha ya nyuma haitoki. Wakati wa kurudisha tairi, kandamiza ukingo wake uingie kwenye mfereji wa katikati ya rimu upande ulioanzia. Ukilazimisha kwa chuma, utaibana tyubu mpya na kuitoboa hapo hapo.

Kila mtu awe na leseni ya daraja la pikipiki, bima iliyo hai, helmeti yake na ya abiria wake, na reflekta. Viatu viwe vya kufunika kifundo.

Mpangilio barabarani

Kundi lisizidi pikipiki 8. Mkizidi, gawanyeni makundi mawili yanayopishana dakika 10, kila moja na kiongozi na mfunga msafara wake. Nyuma ya kiongozi kaeni wageni na wenye pikipiki ndogo; wazoefu wawe nyuma. Sababu yake ni kwamba msafara hunyooka na kujikunja kama mpira: kiongozi akienda 70, wa nane atalazimika kwenda 90 ili kufidia kila pengo lililofunguka mbele yake. Ukimweka mgeni mwishoni, umempa kazi ngumu kuliko zote.

Kwenye barabara iliyonyooka, nendeni kwa kupishana: kiongozi upande wa kulia wa njia yenu, wa pili upande wa kushoto, sekunde moja kati yao, na sekunde mbili nyuma ya aliye mstari mmoja nawe. Kwenye kona, daraja au kijiji, ingieni mstari mmoja. Kati ya Segera na Mombo mabasi na malori ya kwenda Moshi na Arusha huja kwa kasi, na upepo wake humsukuma mwenye pikipiki nyepesi. Basi likija mbele, sogea kushoto mapema, legeza mikono kwenye usukani, inamisha kifua. Vijijini mwendo ni 50, na tochi za polisi zipo.

Njia panda zina utaratibu wake. Kiongozi akifika, anayemfuata anasimama mahali salama panapoonekana, ananyoosha mkono kuonyesha njia, na haondoki hadi mfunga msafara afike. Kisha anaingia mbele ya mfunga msafara. Safari hii ina sehemu tatu tu za kusimamisha mtu: Segera, ambapo kushoto ni Chalinze na kulia ni Korogwe, Mombo, mnapoiacha barabara kuu na kuingia kulia, na Soni, inapochepuka njia ya Bumbuli. Utaratibu huvunjika anayesubiri akichoka na kuondoka, na wanne wa nyuma wakajikuta wanaelekea Chalinze. Pale Segera msisubiriane kwenye makutano yenyewe. Piteni, msimame mbele kidogo.

Ratiba inayotosha: kuondoka Tanga saa 12:30 asubuhi, mapumziko Segera, Mombo saa 3:15, Lushoto kabla ya saa 5. Kwenye mlima hesabuni saa nzima kwa zile kilomita 33. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima. Lori la kupanda huhitaji upana wote kwenye kona kali, kwa hiyo piga honi kabla ya kona isiyoonekana na ubaki kushoto kabisa. Pikipiki ya cc 125 yenye abiria itapanda kwa gia ya pili. Iache ipande, usiivute. Maporomoko ya Soni mnaweza kuyaangalia kutoka barabarani, ila egesheni nje ya lami.

Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, iko kilomita 6 hivi kutoka Lushoto mjini, njia ya udongo mwekundu. Ikiwa kavu, nendeni: ukingoni pale unaona tambarare yote kama mita 1,000 chini yako, na hakuna mahali pengine pa safari hii panapolipa kiasi hicho. Ikiwa imelowa, acheni pikipiki mjini mtembee kwa miguu. Udongo ule ukijaa kwenye meno ya tairi ya lami, hakuna breki.

Kushuka

Ondokeni Lushoto saa 8 mchana, isizidi saa 8:30, ili muwe Tanga kabla ya giza la saa 12:30 jioni. Shuka kwa gia ile ile uliyopandia. Usizime injini wala kuweka fri ili kuokoa petroli: injini ndiyo breki yako kubwa, na ukiiondoa, kazi yote inabaki kwa pedi. Funga breki zote mbili kwenye kipande kilichonyooka kabla ya kona, ziachie, ingia konani gesi ikiwa imefunguliwa kidogo. Breki inayoshikiliwa mfululizo kilomita nzima huchemka: leva inakuwa laini, au breki ya ngoma inakataa kabisa. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika 20. Usimwagie diski maji, itapinda. Acheni sekunde nne kati ya pikipiki na pikipiki, na angalieni dizeli iliyomwagika konani pamoja na maji yanayochuruzika kutoka kwenye magari ya mboga.

Mtu akianguka, wawili wakimbie kwanza, mmoja juu na mmoja chini, mita 100 kila upande, waweke matawi barabarani. Helmeti usimvue maadamu anapumua vizuri. Namba ya dharura ni 112. Hospitali ziko Lushoto, Korogwe (Magunga), Muheza (Teule) na Tanga (Bombo). Mkiondoka, matawi yatolewe yote.

Baada ya Muheza watu huanza kuchepuka kwenda makwao. Kila mmoja amtumie mfunga msafara ujumbe akifika, naye aweke alama kwenye orodha. Kisha, cheni ikiwa bado ya moto, ipake oili upande wa ndani, ambako itapenya kwenye viungo usiku kucha.